Bunduki ya Kuchezea Inapokuwa Nzito Kukoki

Vijana wetu huku ughaibuni wanapenda michezo ambayo sisi tulipokua hatukuijua. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 20 anayeishi kwangu hapa England, amependa easofti. Ni mchezo ulioanzia Japani: watu huviziana msituni kwa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6. Yeye ni mdunguzi, na bunduki yake ni VSR-10 ya Tokyo Marui. Haina betri wala gesi. Kwa kila risasi unavuta mpini wa kukokia nyuma, unaurudisha mbele, ndipo unafyatua.

Mpini wake ulikuwa mzito na unakwaruza. Mdunguzi anayehangaika kukoki hutikisa majani, na akitikisa majani ameshaonekana. Wenzake walimshauri anunue vipuri vipya, tena vya bei. Nikamwambia alete mezani tuione kwanza.

Tulipoifungua nilicheka, kwa sababu kilichomo ndani ni bomba la sindano. Kuna silinda, na ndani yake pistoni yenye oringi ya mpira. Ukivuta mpini, pistoni inarudi nyuma na kukandamiza springi mpaka inashikwa na ndoano. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele, na hewa inaitoa gololi mtuttuni kwa kasi. Muuguzi yeyote anajua tofauti ya bomba linaloteleza na linalokwama. Mabomba yetu ya wodini mengi hupakwa silikoni kidogo ndani, na dawa ya bunduki hii ni hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, toa magazini, hakikisha hakuna gololi iliyobaki, fyatua ili springi ilegee, na vaa miwani ya kinga. Hata ikiwa imelegea, springi bado ina nguvu kidogo, na kizibo cha nyuma ya silinda kinaweza kuruka usoni unapokifungua.

Futa grisi yote ya zamani. Halafu tazama silinda kwa nje: palipong'aa kwa mistari ndipo inaposuguana na mwili wa bunduki. Toa pistoni na mipira yote, kisha sugua pale nje kwa msasa laini wa namba 1000, umalizie na 2000, ukilowesha maji, na mwisho upake dawa ya kung'arishia chuma. Taratibu. Unaondoa makwaruzo, hupunguzi chuma. Osha vumbi lote, kausha. Ndani ya silinda usiguse kwa msasa, maana ukichimba hapo hewa itavuja. Ndoano nayo usiiguse. Ukiilainisha, bunduki inaweza kujifyatua yenyewe.

Oringi ipake filamu nyembamba ya grisi ya silikoni. Nyembamba kweli, kwa sababu ikizidi inasafiri hadi mtuttuni na gololi zinaenda ovyo. Springi nayo hujizungusha inapokandamizwa na kusaga kitako chake, kwa hiyo pale chini weka grisi, au beringi ndogo ikiwa unayo. Jioni ile ile mpini ulikuwa unateleza kwa vidole viwili, bila kununua kipuri hata kimoja.

Dada yangu aliposikia, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Mdogo wangu, mtoto nimekupa asome, wewe unampigia msasa bunduki?" Hofu yake naielewa. Kijana mweusi mwenye kitu kinachofanana na bunduki, jirani akichungulia dirishani, polisi hawatajua kwamba ni plastiki. Kwa hiyo nyumbani kwangu haitoki nje ya begi lililofungwa mpaka ifike uwanjani. Haijaribiwi bustanini, haipigwi picha mbele ya nyumba. Kuwa na bunduki ya bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa hapa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa.

Kuna jambo ambalo vijana hulipita haraka. Sheria ya 2017 imeweka mpaka wa nguvu: jouli 2.5 kwa bunduki ya risasi moja moja, jouli 1.3 kwa ile inayoweza kumimina mfululizo. Ukivuka, hicho si kichezeo tena mbele ya sheria ya silaha. Oringi iliyopakwa vizuri huziba hewa kuliko mwanzo, hivyo nguvu inaweza kupanda bila wewe kubadilisha springi. Baada ya ukarabati pima mwendo kwa mashine ya uwanjani. Kwa gololi ya gramu 0.2, jouli 2.5 ni takriban mita 158 kwa sekunde.

Gololi ya mwendo huo ikilipata jicho, damu hujaa mbele ya mboni, na pazia la nyuma ya jicho linaweza kuachia. Miwani ya kusomea haizuii kitu. Tafuta ile ya kufunika macho yote yenye alama EN 166 na herufi B. F ni ya mapigo madogo zaidi. Mpwa wangu alilalamika kwamba ya B hujaa ukungu. Tukapaka sabuni kidogo ya vyombo kwenye kioo na kuifuta kwa kitambaa kikavu, naye akaondoka kwenda uwanjani.