Mama anasema «sifanyi spoti»: tumuandike namna gani?

Wandugu, wengi wetu tukimaliza iniversite, kazi ya kwanza yenye kupatikana ni ya kuuliza watu maswali. Leo ni ankete ya chakula, kesho ni ankete ya sukari na tansio. Ndani ya hii ya pili kuna sehemu moja yenye wengi wanaipitisha mbio: mtu anatikisa mwili wake kiasi gani kwa juma? Jibu likiandikwa vibaya pale, mzima anahesabiwa kuwa hatarini, na mwenye hatari anapita tu.

Kwa nini wanauliza? Juu kukaa sana bila kutumikisha mwili kunaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, tansio na sukari. Mwaka 1953, munganga Mwingereza Jerry Morris alitoa uchunguzi juu ya wafanyakazi wa basi za London. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima. Mwenzake wa kukatisha tiketi alipanda na kushuka ngazi za basi ya ghorofa. Magonjwa ya moyo yaliwapata madereva zaidi. Ona vizuri: watu wale hawakuwa kwenye uwanja wa mpira, walikuwa kazini.

Sasa njoo kwetu. Uliza mama mwenye kubeba mizigo kwenye vilima vya Bukavu: «Mama, unafanyaka spoti?» Atacheka, atajibu: «Spoti ya nini, mwanangu? Mimi niko mutu wa kazi.» Ukiandika «hapana», umemuweka pamoja na mtu mwenye kushinda kwenye kiti. Mama hajadanganya. Swali njo baya.

Ndiyo maana karatasi ya maswali ya OMS, yenye kuitwa GPAQ, haianzi na spoti. Inapitia milango mitatu: kazi (na ya nyumbani na ya shamba imo), njia za miguu ao za baiskeli, halafu michezo. Mwishoni inauliza saa za kukaa. Kila dakika ya kazi ya kadiri inapewa alama 4, na ya nguvu, yenye kupandisha pumzi sana, alama 8. Mtu asiyefikisha 600 kwa juma anahesabiwa kuwa hatikisi mwili vya kutosha.

Tufanye hesabu. Mama anabeba mizigo mizito siku 5, saa 3 kwa siku: 5 × 180 × 8 = 7200. Mwanafunzi mwenye kujiita mwanaspoti anacheza mpira siku ya Mungu tu, dakika 60: 60 × 8 = 480. Kama siku zingine anapanda moto mpaka iniversite na kazi yake yote ni ya kukaa, hafiki 600. Yule aliyejibu «hapana» amemupita mbali yule aliyejibu «ndiyo».

Kuna kosa la upande mwingine: watu wanajiongezea. Kule Marekani, mwaka 2003 na 2004, walifungia watu kifaa kidogo kiunoni chenye kuhesabu mwendo. Watu wazima wenye kutimiza kiasi kinachoshauriwa hawakufika 5 kwa 100, wachache sana kuliko wenye kujisifu kwa mdomo. Lakini kifaa nacho kina upofu wake: kinaona hatua, hakioni gunia mgongoni.

Sisi wa kilimo tunalijua jambo hili. Ukimuuliza mkulima alivuna kilo ngapi, atakupa hesabu ya kichwa, kwa vitunga ao mifuko. Ukitaka uhakika, unapima mraba shambani, unavuna, unaweka kwenye mizani. Lakini huwezi kupima mashamba yote, kwa hiyo unajifunza kuuliza vizuri.

Namna gani? Usiseme «spoti» mwanzoni. Muombe mtu akueleze siku yake ya jana, toka kuamka mpaka kulala. Uliza siku ngapi kwa juma, halafu dakika ngapi, usiuunganishe. Toa mapumziko: saa 8 sokoni si saa 8 za kubeba. Uliza ni majira gani pia, juu wakati wa kulima na wakati wa kiangazi havifanani.

Na usimwambie mtu yuko salama sababu ya alama tu. Zinafaa kulinganisha makundi ya watu, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya munganga. Yule mama wa 7200 anaweza kuwa na tansio bila kujua. Kazi nzito haimkingi na chumvi, uzee ao ugonjwa wa ukoo. Ukimaliza maswali, mashine ya kupima tansio ifuate.