Ukituma Mashine Dukani

Umewahi kumtuma mtoto dukani akaulize sabuni? Anarudi mbio anasema, "Mama, hakuna." Sasa hakuna nini? Duka halina sabuni kabisa? Ya mche ipo ila ya kipande imekwisha? Au alikuta duka limefungwa? Hayo ni mambo matatu, naye ameyatia yote katika neno moja.

Siku hizi jambo hili limeingia hata katika biashara ya mtandao. Wapo wanunuzi wasiotafuta bidhaa wao wenyewe. Wanaituma programu ya kompyuta iwatafutie. Programu hiyo hutumia akili mnemba, yaani akili ya kutengenezwa, nayo huitwa wakala. Si yule wakala wa kutoa fedha pale kituoni. Huyu hana kibanda wala mwili. Unamwambia, "Nitafutie sabuni ya mwani, isizidi shilingi 5,000," basi anakwenda kuuliza.

Anaulizaje? Mwenye duka la mtandao humwekea dirisha la kuulizia bidhaa. Wakala hupeleka swali hapo, na dirisha hurudisha jibu kutoka katika daftari la mali. Wazee watakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa na vijiji vikatakiwa kuendesha duka lao. Karani mwenye leja safi hakuhitaji kwenda stoo. Ukimwuliza kitu, alifunua ukurasa akakujibu. Dirisha hili ni kama karani yule.

Karatasi ya maelezo

Lakini wakala ni mgeni. Hajui dirisha linataka nini mpaka aandikiwe. Kwa hiyo fundi anayelitengeneza huandika maelezo yake. Tuseme akina mama wa Mlingotini, huko Bagamoyo, wanaolima mwani na kutengeneza sabuni, wana duka la namna hiyo. Maelezo yangeweza kuwa hivi:

"Jina: tafuta_bidhaa. Dirisha hili linatafuta bidhaa moja katika daftari letu. Halinunui wala haliagizi. Peleka namba ya bidhaa, au jina lake. Utapewa jina, uzito kwa gramu, bei kwa shilingi za Tanzania, idadi iliyopo, na tarehe daftari lilipoandikwa mara ya mwisho. Bidhaa ikiwa imekwisha, idadi itakuwa 0. Ikiwa hatuijui, jibu ni: haimo daftarini. Mtandao ukikatika, jibu ni: sikufika, jaribu tena."

Ni maneno machache, lakini kila moja lina kazi. "Halinunui" limewekwa ili wakala asidhani kuuliza bei ni kuagiza mzigo. "Gramu" zimetajwa kwa sababu kipande cha mmoja si kipande cha mwingine. "Shilingi za Tanzania" ni kwa sababu Kenya wana shilingi, Uganda wana shilingi, na thamani yake si moja.

Yale majibu matatu ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa sana, na ndiyo yenye hasara kubwa. Wakala wa akili mnemba ana tabia moja mbaya: akikosa jibu wazi, mara nyingine hubuni. Tena hubuni kwa maneno mazuri, kama mtu mwenye hakika. Tuseme mtandao umekatika, naye akajibiwa "hakuna" tu. Atamwambia mnunuzi wa Dar es Salaam kwamba kikundi hakiuzi sabuni ya mwani. Sabuni imejaa stoo, mteja keshakwenda kwingine. Na akina mama hawatajua, maana mteja wa namna hiyo hapigi simu kulalamika.

Tarakimu 13

Jina peke yake halitoshi, kwani "sabuni ya mwani" ziko nyingi. Ndiyo maana dirisha linapokea namba. Chukua pakiti yoyote ya dukani, utaona mistari myeusi na tarakimu chini yake. Kwa kawaida huwa 13. Mistari ya namna hii ilisomwa na mashine ya kaunta kwa mara ya kwanza huko Marekani tarehe 26 Juni 1974. Bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu!

Namba inayoanza na 620 imetolewa Tanzania, na 616 Kenya. Lakini usidanganyike: 620 yaonyesha tu kwamba mwenye bidhaa alipata namba yake Tanzania. Haisemi bidhaa imetengenezwa wapi.

Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Chukua mfano wa 6201234567893. Acha ile 3 ya mwisho. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ukiruka hivyo hivyo: 6+0+2+4+6+8 ni 26. Zilizobaki ni 2+1+3+5+7+9, jumla 27. Hizi zidisha kwa 3, upate 81. Ongeza 26, upate 107. Ili kufika 110 unahitaji 3. Ndiyo ile ya mwisho. Mtu akikosea tarakimu moja, hesabu haitakubali, na dirisha litamwambia wakala arudie badala ya kumpa bei ya kitu kingine.

Kikundi kisicho na namba hizo kinaweza kujipangia zake, M1, M2, M3. Lakini namba moja isipewe bidhaa mbili, hata kama ile ya kwanza mmeacha kuiuza.

Halafu kuna saa. Ukiandika, "Mzigo unaondoka Bagamoyo saa 2," sisi tunajua ni asubuhi. Mashine nyingi zinahesabu saa kwa namna ya kizungu, nazo zinaweza kuelewa ni saa nane usiku. Andika 08:00, mteja wako asije akausubiri mzigo kituoni alfajiri na mapema.