Dirisha Linalogusa Udongo

Jumamosi iliyopita tuliacha pikipiki, tukatembea kwa miguu na watoto wetu hapa Goma. Kila mtoto alipewa kazi moja: atafute kitu anachokipita siku zote bila kukiangalia.

Mmoja alituonyesha chukudu yenye magunia ya makala, magurudumu yake ya mbao yamevikwa mpira. Mwingine alishika ukuta wa mawe meusi yenye matundu madogo madogo. Kisha msichana mmoja akauliza: “Mbona dirisha la nyumba hii linagusa udongo?”

Tukanyamaza kidogo. Mama yake ndiye aliyemjibu. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika, moto wake ukashuka hadi mjini, ukaganda kuwa mawe. Nyumba zingine zilizikwa nusu, na watu wakajenga juu yake. Mawe yale meusi ya ukuta ndiyo hayo hayo.

“Jiko la nyanya yako liko hapa chini,” akasema. Binti alikuwa hajasikia neno hilo hata siku moja, na njia hiyo ndiyo ya shule yake.

Watoto wetu wanakumbuka tulivyokimbia Mei 2021. Ya 2002 ni sisi tunaoyajua. Basi wiki hii tutembee nao, wakiuliza tuwajibu.