Kompyuta na Mtambo wa Kiwanda Visiposikilizana

Sabuni ya kufulia, mafuta ya kupikia na soda anayokaribishiwa mgeni ni vitu vipitavyo mikononi mwetu kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza vimepitia wapi kabla ya kufika nyumbani. Hapa Bujumbura, Savonor hutengeneza sabuni na mafuta; Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, hutengeneza bia na soda. Mtaa wa viwanda, Zone Industrielle, ulio karibu na bandari ya Ziwa Tanganyika, ndio moyo wa kazi za namna hiyo. Mtambo wa kiwanda ukisimama, hasara haiishii kwa mwenye mali. Kibarua alipwaye kwa siku hurudi kwake mikono mitupu, na duka la mtaani hukosa bidhaa.

Katika viwanda vya siku hizi, mashine nyingi huongozwa na kifaa kiitwacho kidhibiti. Hicho ndicho kinachoamua valvu ifunguke lini na mota izunguke kwa muda gani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mamia ya swichi za umeme zilizojaa kabatini, na kubadili utaratibu mmoja kulihitaji kufungua nyaya upya. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilitafuta njia iliyo bora, na mwaka 1969 kikapatikana kidhibiti cha Modicon kilichoitwa 084. Siku hizi fundi huandika maagizo katika kompyuta, kisha huyapeleka katika kidhibiti kwa waya.

Kompyuta na kidhibiti, hata hivyo, havisemi lugha moja. Kati yao husimama programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva, nasi tutaiita kiendeshi. Kazi yake ni ya mkalimani. Mafundi wetu waijua vema kazi hiyo, maana husoma vitabu vya mitambo kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha hueleza wenzao kwa Kirundi na Kiswahili. Mkalimani akikosea, wazungumzaji wawili wazima hudhaniwa kuwa wagonjwa. Ndivyo ilivyo kiwandani: kompyuta huandika kwamba haioni kitu, na fundi mwenye pupa huanza kufuta programu zote au kulaumu kidhibiti. La hasha! Yafaa aanze na yaliyo karibu, tena kwa utaratibu.

Kwanza kabisa, wanaohudumia mashine waarifiwe, na mashine iwekwe katika hali ambayo haiwezi kuanza ghafula na kumjeruhi mtu.

Pili, atazame taa na waya. Je, kidhibiti kina umeme? Je, taa ya mawasiliano inawaka? Waya mbili zaweza kufanana kwa nje ilhali nyuzi za ndani zimepangwa tofauti. Urefu nao una mpaka wake. Waya wa mfumo wa RS-232 haufai kuzidi mita 15 hivi, lakini ule wa RS-485 waweza kufika mita 1,200.

Tatu, aangalie namba ya mlango. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la zamani la pini tisa, kwa hiyo hutumika kiunganishi cha USB. Kompyuta hukipa namba, tuseme COM3. Kikihamishiwa tundu jingine, huenda kikawa COM5. Kiendeshi huendelea kubisha hodi nyumba ya kale, wala hakuna anayeitika. Aghalabu tatizo lote huwa hapo.

Nne, mapatano yawe sawa pande zote mbili. Ikiwa kidhibiti kinasema kwa kasi ya 9600, kompyuta nayo iseme kwa kasi hiyo hiyo. Katika lugha ya Modbus, iliyotolewa mwaka 1979, kila kifaa kinachojibu katika waya hupewa namba yake kati ya 1 na 247, na viwili visiwe na namba moja. Mahali panapotumika waya wa mtandao, anwani ziwe za ukoo mmoja: kidhibiti kikiwa 192.168.1.10, kompyuta yaweza kuwa 192.168.1.50, ikiwa kipimo cha mtandao ni 255.255.255.0. Amri ya ping itaonyesha kama njia iko wazi.

Tano, atazame kama kuna programu nyingine iliyoushika mlango huo. Mlango wa COM kwa kawaida hukubali programu moja tu kwa wakati mmoja. Ukuta wa ulinzi wa kompyuta nao waweza kuzuia mazungumzo ya mtandao.

Hayo yote yakiisha bila mafanikio, ndipo kiendeshi kiondolewe na kuwekwa upya. Toleo lake lilingane na kompyuta, kwani kiendeshi cha zamani huenda kisikubali Windows mpya. Ndiyo sababu kiwanda chenye vidhibiti vya kale hufanya vizuri kutunza kompyuta moja ya kale iliyo nzima.

Kuna hatari moja inayopita zote. Mawasiliano yakirudi, fundi huulizwa kama anataka kusoma programu iliyo katika kidhibiti au kupeleka iliyo katika kompyuta. Akikosea upande, maagizo yaliyoendesha kiwanda kwa miaka hufutwa kwa dakika moja. Kwa hiyo asome kwanza, na nakala ihifadhiwe mahali pawili. Vidhibiti vingi vya zamani, hali kadhalika, hutunza programu kwa nguvu ya betri ndogo; betri ikiisha na umeme ukakatika, kumbukumbu hupotea. Betri hiyo ibadilishwe mapema, kwa kufuata kitabu cha mtambo.

Mwisho, pawepo daftari kando ya mtambo. Kila anayebadili namba, kasi au anwani aandike siku, alichobadili na sababu, na abadili jambo moja tu kwa mara moja. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Fundi anayeficha alichokigusa humwachia mwenzake wa zamu ya usiku fumbo lisilo na ufunguo. Anayeandika mistari miwili tu huokoa kazi ya siku nzima, na ujira wa wengi pamoja nayo.