Ukijipata Bendi ya 5

Wewe hapo Gilgil unayengoja barua ya chuo, hebu sikiza. Tangu 2023 karo ya chuo cha umma inategemea jinsi kwenu kulivyopimwa. Bendi ya 1 familia inalipa asilimia 5. Bendi ya 5, asilimia 40. Mimi 2024 nilijipata ya 5. Mamangu anachoma mahindi pale steji! Nikakata rufaa, nikangoja, muhula ukaisha, nikarudi nyumbani.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi. Kwa hivyo bado utapimwa. Wanaangalia hata shule uliyosomea na karo iliyolipwa. Kama ililipwa na basari, andika basari, na barua uweke. Mimi niliandika "mzazi". Niliona aibu.