Dungu na Darasa (Sehemu ya Pili): Kurudi shuleni huanza siku ya kuondoka

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Serikali, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, ilivyowatoa wakulima katika bonde la Rufiji na kuwapandisha kwenye vijiji vya nchi kavu. Watu walihama, mashamba yakabaki. Mpunga unalimwa bondeni, shule iko kijijini, na mpaka leo familia nyingi za Rufiji na Kibiti zina makao mawili. Mtoto wa familia hizo ana walimu wa aina mbili: mwalimu wa darasani, na mama au babu yake kule dunguni. Leo nataka tuzungumzie namna ya kumvusha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kisha kumrudisha, bila kumpoteza njiani.

Nianze na sheria, nisije nikaeleweka vibaya. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyetimiza miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Mafunzo ya dunguni hayachukui nafasi ya shule. Kama kijijini kuna bibi, shangazi au jirani wa kuaminika, mtoto abaki naye, asome. Lakini si kila nyumba ina mtu wa kumwachia mtoto, na mpunga ukianza kutia maziwa hauwezi kuachwa peke yake hata siku moja. Mtoto huyo yupo, na kumkaripia mama yake hakumsaidii.

Kuamia ndege ni kazi ya kutwa. Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya maji na juu ya wanyama, lenye paa la makuti au nyasi. Mtoto hupanda alfajiri kabla makundi ya ndege hayajashuka. Ana kombeo na rundo la madonge ya udongo, na pengine kamba iliyofungwa makopo ya kuvuta. Anapiga kelele, anarusha, anatulia kidogo, anaanza tena mpaka jua linazama. Katikati ya kazi hiyo anajifunza mengi: anapima mpunga kwa kibaba, anajua vibaba vinne ni pishi, anatambua njia ya kiboko kwa nyasi zilizolala. Mwenzake wa delta, kule Mbwera au Salale, anajua kwamba maji yaliyojaa leo asubuhi kesho yatachelewa kwa karibu dakika 50, na kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mtoto huyu hakukaa bure. Mwalimu anayempokea kama mtu aliyerudi mtupu anakosea tangu mwanzo.

Hata hivyo, kuna anachopoteza, na hasara hailingani kwa kila darasa. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado anaunganisha silabi moja moja ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu kusoma bado hakujawa mazoea kwake. Akikaa miezi miwili bila kuona maandishi, herufi zinamtoroka, na akirudi anakuta wenzake wanasoma hadithi. Mtoto wa darasa la tano anayesoma bila kusita hatasahau kusoma, ila hesabu zitampiga chenga: kama hakuwepo wakati wa kugawanya, sehemu na asilimia zitakuwa giza kwake. Mzazi mwenye watoto wawili, anayelazimika kwenda na mmoja bondeni, aufikirie umri wa kila mmoja kabla ya kuamua.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi tunavyoondoka. Wazazi wengi huondoka kimya kwa kumwogopa mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji. Mwalimu anaita jina, haitikiwi, anaandika utoro. Mavuno yakiisha mtoto anarudi na aibu, anakaa nyuma, anaulizwa mbele ya darasa alikuwa wapi. Anajikaza siku chache, kisha anaanza kuchagua siku za kwenda, na mwisho haendi tena. Watu husema ameshindwa masomo, kumbe aliyoshindwa ni yale mapokezi.

Kumbukeni mwaka 2020. Shule zote nchini zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa msingi wakarudi tarehe 29 Juni. Watoto walikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, redio na televisheni zikirusha vipindi vya masomo, lakini hakuna aliyenyooshewa kidole aliporudi, kwa kuwa darasa zima lilikuwa limekosa pamoja. Mtoto wa bondeni hukosa muda unaokaribia huo, ila yeye anarudi peke yake.

Kwa hiyo mzazi aende shuleni kabla ya kuhama. Aseme wazi: “Shikamoo, mwalimu. Tunahamia bondeni, sina wa kumwachia huyu mtoto, mpaka tuvune.” Pengine atagombezwa. Avumilie, lakini asitoke bila kujua mambo matatu: darasa limefika ukurasa gani, vitabu gani anaweza kuazima, na siku gani mtoto atapokelewa. Aulize pia kama karibu na shamba kuna shule shikizi, yaani yale madarasa ya watoto wadogo yanayosimamiwa na shule mama. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, Serikali ilipanga kujenga madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini. Mtoto wa darasa la kwanza anayepata nafasi huko hana haja ya kukatiza masomo.

Dunguni kuwe na daftari moja. Kila jioni mtoto aandike mistari mitano: makundi ya ndege yalishuka upande gani, maji yalijaa saa ngapi, wamekula nini, wametumia vibaba vingapi. Asubuhi amsomee mtu mzima kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma naye anafaa kabisa, maana anasikia mtoto anaposita na anajua jana alisita wapi.

Siku ya kurudi, daftari hilo akabidhiwe mwalimu. Litamwonyesha, kuliko maelezo yoyote, mkono wa mtoto umefika wapi. Kisha ampime kusoma na kuhesabu faraghani, amkalishe mbele karibu na mwenzake anayeelewana naye, na katika wiki ya kwanza asimchape wala asimwulize habari za utoro hadharani. Mwili uliozoea kukimbia kutwa hautulii kwenye dawati kwa siku moja.

Aliyechelewa sana naye ana mlango. MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi, ulijaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya chache, mojawapo Kisarawe ya mkoa huu huu wa Pwani. Ulipangwa ili wa miaka 8 hadi 13 wafanye mtihani wa darasa la nne na kuingia la tano, na wa miaka 14 hadi 18 wafanye wa darasa la saba. Kwa waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu kurudi katika mfumo rasmi. Mzazi amwone afisa elimu kata, akiwa na cheti cha kuzaliwa na lile daftari, kabla majina ya mwaka mpya hayajaandikwa.