Mashariki mwa Kongo: Ugomvi wa padri na viongozi wa waamini unaanzia kwenye sanduku

Wakristu wengi wa Kivu wanaijua habari hii. Siku ya yenga, rais wa shirika anasimama kutoa matangazo, padri anamkatisha. Juma linalofuata, watu wa tume ya ujenzi hawaji kwenye mkutano. Mwezi hauishi, minong'ono inatoka: “Padri huyu si wa kwetu.” Neno lililoanza na simenti na mabati limekwisha kuwa neno la kabila, na kutoka hapo kurudi ni kazi ngumu.

Sheria ya Kanisa katoliki, ile ya mwaka 1983, inampa paroko nguvu ya kusema na kutenda kwa jina la parokia (kanuni 532). Baraza la parokia, ambamo walei wanakaa, linatoa shauri tu, halikati neno (kanuni 536). Wengi wanaingia humo wakifikiri wamepata ubunge. Paroko naye anawaona kama watumishi wake. Lakini sheria hiyo hiyo inaamuru kila parokia iwe na baraza la mali (kanuni 537), na inataka wanaotunza mali watoe hesabu kwa waamini juu ya vile waamini walivyotoa (kanuni 1287). Kanuni hii ya mwisho haisikiki sana kwenye mahubiri.

Walei wa Kongo si wageni katika uongozi. Mwaka 1961 maaskofu wa inchi walichagua njia ya jumuiya ndogo za kikristu, zile ambazo Kivu wanaziita mashirika. Kinshasa, miaka ya 1970, Kardinali Joseph-Albert Malula aliweka bakambi, yaani walei waliokabidhiwa kuongoza parokia, padri akibaki na sakramenti. Mtu ambaye amezika wafu, amepatanisha wenye ndoa na kukusanya michango kwa miaka kumi, hawezi kufurahi padri aliyefika jana akimwambia: “Nyamaza, parokia hii ni yangu.” Upande mwingine, padri anatumwa na askofu, hakutumwa na ukoo wa mtu. Na rais wa shirika aliyekaa kwenye kiti mpaka amesahau ni cha nani, naye ni shida.

Kwa Waprotestanti, kiti kinachochoma ni cha mwakilishi wa kisheria. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, juu ya vyama visivyotafuta faida, inagusa makanisa pia. Mwenye kutia sahihi mbele ya serikali, mara nyingi ndiye mwenye neno juu ya benki, shule na hospitali za kanisa. Ndiyo maana wachungaji na wazee wa kanisa wanaposhindania kiti hicho, kesi inaweza kufika tribinali, na waamini wakajikuta na makanisa mawili yenye jina moja.

Kabila inaingia baadaye, kama petroli juu ya moto. Si jambo jipya. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasimulia wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki waliosahauliwa katika kugawa chakula. Mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanaleta ukabila. Waliomba watu wachague saba, na majina yote saba yaliyoandikwa ni ya Kigiriki. Inaonekana meza ilikabidhiwa upande uliolia.

Katika parokia ambako ripoti inaandikwa kwa Kifaransa na kupelekwa kwa askofu, huku waamini wakitangaziwa tu kiasi kinachobaki kuchangwa, kusema juu ya kabila ya padri ni rahisi kuliko kuuliza bei ya simenti. Hesabu hiyo hiyo inaweza kusomwa kwa Kiswahili, baada ya misa, na watunza sanduku wawili wasio wa kabila moja, risiti zikiwa mkononi.